Spika, Kuta za Mawe na Ganuni

Jumamosi, 11 Januari 2025

"Mzee wangu, hii inasikika mpaka Malindi," kaniambia kijana wa duka pale Darajani, Unguja, kainyanyua spika ya Bluetooth nene kama mtungi. Sifa hiyo ndiyo iliyonikimbiza. Sitafuti ya kupigia harusi. Nataka kusikia kidole kinavyouachia uzi wa ganuni katika taarab.

Tena Bluetooth yenyewe siiamini kwa kazi hii. Simu huukandamiza muziki upya kabla ya kuurusha. Hata mbinu ya LDAC ya Sony, iliyo bora kuliko nyingi, inaishia kilobiti 990 kwa sekunde, ilhali sidii ni 1,411. Kifaa cha Wi-Fi, mfano wa WiiM, kina utaratibu mwingine: simu inabaki rimoti tu, kifaa kinakwenda mtandaoni chenyewe kuuchukua wimbo. Hata nikipigiwa simu, muziki hauna habari.

Jumatatu, 13 Januari

Hesabu za bando. Muziki wa sidii ni zaidi ya megabaiti 600 kwa saa. Mfumo wa FLAC huushusha hadi nusu au theluthi mbili, na haupotezi hata biti moja. Muziki wa biti 24 na kilohezi 192 unaosifiwa sana unapita gigabaiti 4 kwa saa kabla ya kukandamizwa. Wenye nazo na wasikilize.

Jumapili, 19 Januari

Jana nimekesha mtandaoni nikitafuta taarab. Apple Music ina muziki usiopunguzwa tangu Juni 2021, bila kuongeza ada. Hapo sina neno. Lakini nyingi za zamani nilizozikuta zimetolewa kwenye kaseti, tena kaseti iliyochoka: vumbi la sauti juu, fidla zimeingiana, besi haijulikani iliko. Kaseti isiyo na Dolby, kutoka mvumo wa kanda hadi sauti ya juu kabisa, ina desibeli 50 hadi 60 hivi. Biti 16 za sidii zina 96. Sasa kanda hiyo ukiitia kwenye biti 24 umeongeza nini? Umeuhifadhi mvumo wake kwa uaminifu mkubwa, basi.

Na mwimbaji Siti binti Saad, aliyekwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri za kampuni ya HMV, anategemea zaidi nani aliishika sindano siku ya kuhamisha, na santuri ilikuwa na hali gani. Namba za biti hazimsaidii.

Nikalifungua kasha langu la sidii. Zile za taarab ya Unguja zilizotolewa na GlobeStyle ya London mwishoni mwa miaka ya 1980 zimezishinda zote nilizosikia usiku ule. Kila ala ina mahali pake. Na kwenye kijitabu yameandikwa majina ya watu! Mtandaoni nimekuta jina la kikundi peke yake. Aliyeimba hayupo, aliyetunga ndiyo kabisa. Hili limeniuma kuliko habari ya kilobiti.

Alhamisi, 23 Januari

Ruta iko ukumbini, spika zitakaa chumba cha nyuma. Katikati kuna ukuta wa mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake mkono mzima unazama. Wi-Fi inafika huko ikiwa hoi. Nitapitisha waya wa mtandao juu, pembeni mwa boriti, na fundi asinitoboe ukuta.

Boriti hizo za mikoko ndizo zilizokifanya chumba kiwe chembamba: nyumba zetu za Mji Mkongwe zina upana wa kadiri mikoko ilivyofika. Chumba changu ni mita 2.5, na upana huo huvumisha sauti ya hezi 69 hivi, palepale besi ya orkestra inapotembea. Kwa hiyo spika zitasimama upande mfupi, mbali na pembe, zikitazama urefu wa chumba. Spika ndogo zenye besi ya kiasi zitafaa kuliko makabati makubwa, na mkeka mnene sakafuni. Hapa ndipo pesa itakapoingia, si kwenye kisanduku cha kuchezea muziki.

Alhamisi, 30 Januari

Mtoto wa kaka yangu kanitahini kutofautisha MP3 na FLAC. Kageuza skrini, kasawazisha sauti kwanza, maana ile iliyo juu kidogo huonekana nzuri bila sababu. "Ami, hii ni ipi?" MP3 ya kilobiti 128 niliikamata kwenye rika, njuga zake zinakuwa kama maji. Ya 320 nilibahatisha tu, na yeye pia. Lakini tulipozisogeza spika mbali na ukuta, hata mke wangu aliyekuwa jikoni kauliza tumebadilisha nini.

Jumamosi, 8 Februari

Nimeamua. Kompyuta ndogo ya Raspberry Pi yenye kadi ya sauti ya HiFiBerry, na Lyrion, programu iliyokuwa ikiitwa Logitech Media Server. Logitech iliacha kuuza vichezeshi vyake vya Squeezebox mwaka 2012, wapenzi wakaendelea kuitunza programu na kuitoa bure mpaka leo. Kitu cha namna hiyo nakiamini kuliko kisanduku kinachomtegemea aliyekiuza. Spotify nitaibakisha kwa nyimbo mpya; kilobiti 320 zinanitosha.

Umeme ukikatika ghafla, kadi ya kumbukumbu ya Pi huweza kuharibika, kwa hiyo naongeza betri ndogo kama zile za ruta. Sidii zote zitageuzwa FLAC kabla ya Ramadhani, na diski ya pili yenye nakala itakaa kwa dada yangu, Chake Chake. Kijana atanisaidia kuandika majina: mwimbaji mahali pake, mtunzi mahali pake, mpiga ganuni naye.