Meza za Prague

Mwaka 1843 mshona nguo mmoja wa Prague, Jakub Pinkas, alionja bia mpya aliyoletewa kutoka Plzeň na rafiki yake Martin Salzmann, mwendesha gari la farasi. Ilimkolea hata akaacha sindano na kufungua baa. Baa hiyo, U Pinkasů, ingalipo katikati ya mji, na ndipo matembezi yetu ya kuonja bia yalipoanzia, alasiri moja ya Septemba. Mwongozaji wetu alikuwa binti aliyezaliwa baada ya ukomunisti kuanguka. Habari za Pinkas alizisimulia kwa mapenzi, kama mtu anayemtaja babu yake. Mimi nilikunywa humo miaka ya themanini nikiwa mwanafunzi, na sikuwahi kusikia kwamba mwanzo wake ulikuwa mikononi mwa mshona nguo.

Nianze basi kwa kutoa haki: wanaotembezwa leo wanafundishwa mengi ambayo sisi tulioishi pale hatukufundishwa. Binti yule alitueleza jinsi watu wa Plzeň walivyochoshwa na bia mbovu, hata mwaka 1838 wakamwaga mapipa 36 mbele ya ukumbi wa mji. Wakajenga kiwanda chao, wakamwita mpishi wa bia Josef Groll kutoka Bavaria, na tarehe 5 Oktoba 1842 Groll akapika pishi lake la kwanza. Maji ya Plzeň ni laini, hayana chumvichumvi nyingi. Kimea cha shayiri kilikaushwa kwa moto wa taratibu kikabaki cheupe, hopsi zikatoka Žatec, na hamira ilikuwa ile ya Bavaria inayofanya kazi polepole kwenye baridi na kutulia chini ya pipa. Ikatoka bia ya rangi ya dhahabu, angavu, yenye uchungu safi. Safari ya Dar es Salaam, Tusker ya Nairobi na Primus ya Kinshasa zote ni za ukoo huo.

Alitufundisha pia kutazama povu. Kwa Wacheki povu ni sehemu ya kinywaji: linapaswa kuwa zito, lenye unyevu, unene wa vidole vitatu hivi, liikinge bia isiguswe na hewa. Anayemimina ana heshima yake, na baa moja husifiwa kuliko nyingine kwa mkono wa mtu huyo, ingawa bia yenyewe ni ileile. Nilimsikiliza kwa furaha ya kweli.

Lakini kila mara macho yangu yalikuwa kwenye meza, nikizikumbuka zile za zamani.

Nilifika Chekoslovakia kwa ufadhili wa masomo, nikajifunza lugha kwanza katika mji wa Poděbrady, kisha nikahamia Prague, kwenye mabweni ya Strahov kule kilimani. Nyumbani Tanzania niliacha foleni za sukari na sabuni, na bia ilipatikana kwa anayejuana na mwenye duka. Prague nako kulikuwa na foleni zake. Mimi niliyekulia migombani, Kilimanjaro, nilisimama kwenye theluji kabla ya Krismasi kusubiri ndizi. Bia, hata hivyo, haikukosekana. Serikali ilizigawa baa kwa madaraja manne na kupanga bei kwa kila daraja, na zile za daraja la nne, zenye meza zisizo na kitambaa na dari iliyogeuka rangi ya tumbaku, zilikuwa za kila mtu. Mwanafunzi alizimudu, na mfagia barabara vilevile.

Ndani ya baa hizo hapakuwa na meza ya peke yako. Ulitafuta kiti kilicho wazi, ukauliza kama pana mtu, ukajibiwa hapana, ukakaa. Mhudumu alikuja na bia bila kuulizwa, akaweka karatasi ndefu mbele yako na kupiga mstari mmoja kwa kalamu. Glasi ikikaribia kwisha alileta nyingine, mstari wa pili. Ukitosheka, ulifunika glasi kwa kile kikadi cha kuwekea bia. Na kwa kuwa umekaa bega kwa bega na watu usiowajua, mazungumzo yalikuwa hayakwepeki. Nilikuta kwao jambo nililolizoea kwetu kwenye mbege, bia ya ndizi, ambapo kata moja huzunguka na hakuna anayeweza kunywa huku akijifanya yuko peke yake.

Dereva mmoja wa tramu alimjua Filbert Bayi. Alizijua mbio za mita 1500 za Christchurch mwaka 1974, alijua Bayi alitoka mbele tangu mlio wa bastola mpaka rekodi ya dunia, na akataka kujua kwetu watu wanamsemaje. Mimi nikamuuliza habari za mkimbiaji wao Emil Zátopek, na usiku ukaenda. Wapo pia walioondoka nilipokaa, na waliosema maneno ambayo walidhani siyaelewi. Siyafichi, kwa sababu ni sehemu ya meza hizo. Ila hata mtu wa namna hiyo alilazimika kunitazama usoni, na mara nyingine, glasi ya tatu ikifika, aliuliza swali la kibinadamu.

Kuna mambo yaliyosemwa kwa sauti ya chini. Meza ilinyamaza mtu asiyefahamika akipita, ikaendelea akishatoweka. Niliambiwa kwa mnong'ono habari za mwandishi Václav Havel, ambaye mwaka 1974 alifanya kazi katika kiwanda cha bia cha Trutnov, akivingirisha mapipa, kwa kuwa maandishi yake yalikuwa yamepigwa marufuku. Kutokana na kazi ile aliandika tamthilia fupi juu ya mkuu wa kiwanda anayemwomba mfanyakazi wake ajiandikie mwenyewe taarifa za kuwapelekea polisi wa siri. Mwaka 1989 ulipokwisha, mvingirisha mapipa huyo alikuwa rais. Kwa hiyo siililii enzi ile. Mapenzi yangu kwa meza zile hayanifanyi niitamani serikali iliyowalazimisha watu kunong'ona juu yake.

Kutoka U Pinkasů tulikwenda U Medvídků, nyumba ambayo bia yake inatajwa tangu mwaka 1466. Tulionja kwa glasi ndogo, tukaambiwa tutafute harufu ya mkate na karameli. Mtaa wa Husova tulisimama nje tu ya U Zlatého tygra, ambako mwandishi Bohumil Hrabal alikuwa na meza yake, na ambako Havel alimleta Rais Clinton mwaka 1994. Mwisho tulifika U Fleků, panapopikwa bia tangu mwaka 1499. Bia yao nyeusi, ya digrii 13 (kipimo cha pishi, si cha kilevi), ni ileile niliyoikumbuka: nzito bila kulemea, na utamu unaokatwa mwishoni na uchungu. Nilishukuru kuikuta. Serikali iliwahi kuwanyang'anya wenyewe nyumba hiyo, wakarudishiwa baada ya mapinduzi ya 1989.

Njiani binti alitaja pia wenye viwanda, na hapo Mtanzania alikuwa na la kuongeza. Kampuni ya Afrika Kusini iliyoingia katika Kampuni ya Bia Tanzania mwaka 1993 ndiyo iliyokuja kununua kiwanda cha Plzeň mwaka 1999. Kwa miaka kadhaa bia ya Groll na bia ya kwetu ya Ilala, Dar es Salaam, zilikuwa na bwana mmoja. Mwaka 2017 kiwanda cha Plzeň kikaenda kwa Asahi wa Japani.

Katika matembezi yale yote sikukaa na Mcheki hata mmoja. Tuliingia kikundi, tukakaa kwenye meza tuliyowekewa, tukasikilizana sisi kwa sisi: Wajerumani, Wamarekani, wachumba wawili kutoka Korea. Saa ya mwongozaji ilipofika, tuliinuka. Nilitazama madirisha ya juu ya baa, ambako zamani nguo zilianikwa na redio zilisikika. Vyumba vingi vimekuwa vya kupangisha wageni kwa usiku mmoja mmoja, na nusu lita ya bia katikati ya mji imepita koruna 60. Dereva wa tramu hana sababu ya kushuka hapo tena. Wakazi waliobaki wamechoshwa na makelele kiasi kwamba mwaka 2024 halmashauri ya Prague ilikataza makundi ya kuzunguka baa kwa mwongozo kuanzia saa nne usiku mpaka saa kumi na mbili asubuhi. Ninawaunga mkono. Binti naye anawaunga mkono, maana yeye anatembeza watu mchana, anawaomba wasipige kelele, na bado wakazi humnunia kana kwamba ndiye aliyewahamisha majirani zao.

Hilo ndilo linaloniuma. Bia imehifadhiwa vizuri kuliko nilivyotarajia. Nyumba zimekarabatiwa, mapishi yapo, historia inasimuliwa na vijana wenye akili na moyo. Uhuru uliokuja mwaka 1989, ambao watu wale wa mezani waliutaka kuliko kitu chochote, ndio pia uliofungua soko lililowapandishia kodi ya nyumba. Sijui namna ya kuukubali uhuru huo na kulisamehe soko hilo kwa pumzi moja.

Tulipoachana nilibaki nyuma nikazungumza na binti kwa Kicheki changu chenye kutu. Alishangaa, akaniuliza maswali mengi juu ya madaraja ya baa na karatasi za mistari, kwani bibi yake aliwahi kumsimulia. Nikamwambia matembezi yake ni mazuri, lakini yana upungufu mmoja: amalizie kwenye baa ya wenyeji, awagawe wageni wawili wawili, kila jozi iulize kama kiti kiko wazi na ikae na watu isiowajua, bila yeye.

"Katikati ya mji sina tena pa kuwapeleka, mzee," akasema. "Labda mtaa wa Žižkov. Itabidi tupande tramu."

Nikamwambia wapande tramu.