Chupa ya Marashi ya Bibi

Wengi mmetuuliza kile kidani cha buluu alichovaa bi harusi wetu kimenunuliwa duka gani. Leo tunajibu: hakikununuliwa. Kimetoka jikoni kwetu, ndani ya maikrowevu.

Wiki tatu kabla ya harusi, chupa ya marashi ya marehemu bibi yetu ilianguka ikavunjika. Ilikuwa chupa ya kioo cha buluu, na bibi aliitumia kuwarashia mabibi harusi wa nyumba hii: mama yetu, dada yetu mkubwa, kisha sisi wawili. Aliyeiangusha ni bi harusi mwenyewe, binti wa dada yetu. Mtoto huyu alikuwa ameomba mahari madogo kwa ridhaa yake, na minong'ono ilikwisha anza kwamba atatoka mbele ya watu bila dhahabu. Akakaa chini kando ya vigae, akalia. "Khalati, sasa hata baraka ya bibi nimeivunja."

Tukamwambia baraka haikai chupani, inatoka kwa Mwenyezi Mungu. Lakini vigae tulivikusanya.

Tuna mwaka sasa tunatengeneza herini na vidani vya kioo. Tanuri letu ni kopo dogo jeupe lenye kifuniko, la udongo maalumu usioshika moto. Ndani ya kifuniko kuna tabaka jeusi linalofyonza nguvu ya maikrowevu na kuwaka, mpaka joto linapita nyuzi 800 za Selsiasi. Unaweka karatasi ya tanuri chini ili kioo kisigande, unapanga vipande, unafunika. Kwa kidani kidogo cha kioo cha kununua, dakika 3 hadi 5 zinatosha. Kila maikrowevu ina tabia yake, na umeme wetu nao unapanda na kushuka, kwa hiyo hatuiachi hata dakika moja.

Jaribio la kwanza tulitaka mapambo. Tukaweka kigae cha bibi juu ya kioo cheupe cha pakiti. Kilitoka kizuri, tukalala tukishukuru. Asubuhi tukakikuta kimepasuka palepale vilipoungana. Kosa lilikuwa letu. Kioo kikipata moto hutanuka, kikipoa hunywea, na kila aina ina kiasi chake. Ndiyo maana pakiti za kioo cha ufundi huandikwa namba, 90 au 96, na hizo mbili hazichanganywi. Vioo visivyolingana huyeyuka pamoja vizuri kabisa, na ugomvi huanza wakati wa kupoa.

Jaribio la pili tukatumia kioo cha bibi peke yake, kigae juu ya kigae. Safari hii haraka ndiyo iliyotuponza. Tulifungua kifuniko baada ya dakika 10 ili tuone tu. Upepo wa dirishani ukaingia, tukasikia "ta!", kikawa vipande viwili.

Vikabaki vigae vya kutosha kidani kimoja. Siku mbili hatukuligusa tanuri. Bi harusi alijua, wala hakutuuliza, na hilo lilituuma zaidi kuliko angetuuliza.

Siku ya tatu, baada ya sala ya alasiri, tukaviosha vigae, tukavikausha, tukavipanga, tukasema Bismillahi. Kioo cha chupa ni kigumu kuyeyuka, kwa hiyo tuliongeza muda kidogo kidogo, tukiangalia mpaka ncha zote zikawa za mviringo. Kisha tukaliweka tanuri juu ya tofali, tukafunga madirisha na mlango wa jiko. Hatukufungua mpaka baada ya isha.

Kilikuwa kizima. Uso wake ulikuwa na ukungu kidogo, jambo linalotokea sana kwa kioo cha chupa, nasi tukataka kuomba radhi. Yeye akakiweka kiganjani akasema, "Kinafanana na bahari ya asubuhi." Tukagundisha kikulabu cha fedha nyuma, tukatia mkufu. Ndicho alichotoka nacho, na marashi alirashiwa kwa chupa mpya. Wa kunong'ona walinong'ona. Mama yetu alikitazama kile kidani, akakitambua, akafuta machozi kwa ncha ya kanga.

Enyi mabibi harusi, hatusemi dhahabu ni mbaya, anayejaaliwa na avae. Tunasema usiingie kwenye deni kwa kuogopa macho ya watu wa siku moja. Na mkioana, jipeni muda wa kupoa. Sisi tulipoteza vigae viwili kwa kukosa subira, na vigae huisha.

Mnaotaka kujaribu, shikeni haya. Maikrowevu ya tanuri isipikiwe tena chakula. Vaa glavu nzito na miwani, na barakoa unapofagia vumbi la karatasi ya tanuri. Vaa nguo ya pamba yenye mikono ya kubana, maana mtandio na buibui hushika moto upesi. Watoto wakae mbali. Baada ya kuzima, subiri angalau dakika 40, na kioo cha chupa kipe zaidi.

Mwenyezi Mungu awape ndoa za kheri. Tukutane tena inshaallah.