Kwa Zuhura, Aliye Hangzhou

Chumbageni, Tanga

Mwanangu Zuhura,

Huku sote wazima, alhamdulillahi. Goti la bibi yako limepata nafuu tangu mvua zilipokatika, na sasa anafika mwenyewe hadi kwa jirani bila mkongojo. Harusi ya kaka yako imesogezwa mpaka baada ya Ramadhani kwa sababu upande wa bi harusi wana msiba, kwa hiyo usihangaike na tiketi kwa sasa. Baba yako anasema hela ya mwezi huu ameshaituma.

Ujumbe wako wa sauti tumeusikiliza na bibi yako na mama yako, na barua hii nao wataisoma. Umesema unataka kuacha darasa la maandishi la yule mwalimu mzee, kwa kuwa simu inakutafsiria kila kitu. Umesema pia kwamba mwakani utaongeza Kijapani, kwani herufi ni zilezile na kitakuwa chepesi. Kijapani nakiunga mkono, ila si kwa sababu hiyo. Darasa usiliache. Naomba unisikilize mpaka mwisho, maana nimeishi katika lugha hizo mbili kabla yako.

Lichukue neno unalolitumia kutwa, zǒu, 走. Kwa Mchina wa leo ni kutembea, kwenda, kuondoka. Mjapani akiikuta herufi hiyohiyo anaisoma hashiru, na kwake ni kukimbia. Wote wawili wamesema kweli. Hata China yenyewe zamani maana ilikuwa kukimbia. Katika maandishi ya kale yaliyochongwa kwenye vyombo vya shaba utamwona mtu anayepunga mikono, na chini yake unyayo. Baadaye Wachina walilipunguza mwendo neno hilo, kazi ya kukimbia wakaipa pǎo. Wajapani walikuwa wameshazichukua herufi hizo zaidi ya miaka elfu moja iliyopita, wakabaki na maana ya kale. Kutembea wao husema aruku, na herufi yake, ambayo Wachina huisoma bù, yaani hatua, asili yake ni nyayo mbili, mmoja mbele ya mwenzake. Basi mwanangu, ukiingia Japani na zǒu yako ya Hangzhou, herufi utaitambua lakini maana itakupita.

Na humohumo Uchina uwe na hadhari. Ukimtaja mzee wa mtu ukasema zǒu le, anayekusikia anaweza kuelewa kwamba amefariki, kama sisi tunavyosema fulani ametangulia. Kama mzee ametoka tu kwenda dukani, sema chūqù le, ametoka. Hili nililifundishwa Beijing na mama mmoja aliyekuwa akitupikia bwenini, akanishika mkono kabla sijamwuliza mwalimu wetu habari za baba yake. Maana ya neno ingepatikana hata kwenye kamusi. Yeye alinionyesha mahali pa kulisema na mahali pa kulinyamazia.

Sasa njoo kwenye dào, 道. Ndani yake kuna kichwa, na pembeni alama ya mwendo. Ni njia ya miguu, na pia njia ya maisha. Ndilo neno ambalo wafuasi wa Laozi wameitwa kwalo. Kila siku unalitamka bila kulitafakari, maana zhīdào, kujua, ukiliandika ni kujua na njia zimekaa pamoja. Wajapani wanaliita michi likiwa peke yake, kwa neno lao la asili, na dō likiungana na jingine, kwa sauti waliyoipokea kutoka China. Vijana wa hapa Tanga wanaovaa nguo nyeupe za judo wanalibeba neno hilo kwenye jina la mchezo wao. Kanō Jigorō alipofungua Kōdōkan mjini Tokyo mwaka 1882, alichukua jujutsu, ambayo jina lake ni ufundi, akaiita judo, njia. Lakini kabla ya hapo alikaa chini ya walimu wa jujutsu wa kale, akaangushwa, akainuka, akaangushwa tena. Jina la njia yake alilitoa baada ya kupita za wenzake.

Kuna neno jingine nalipenda kuliko yote, xíng, 行. Umbo lake la kale kabisa, lile lililochongwa kwenye mifupa, ni njia panda. Likazaa kwenda, kisha likazaa tabia: Wachina husema pǐnxíng, na Wajapani kwa herufi hiyohiyo husema iku, kwenda, na okonai, matendo ya mtu. Kiswahili chetu kimepita humohumo, kuenenda kukazaa mwenendo. Sijui mtu wa pwani anahitaji nani amweleze kwamba namna ya kutembea na namna ya kuishi ni jambo moja.

Nilipopelekwa mafunzoni Japani nilikaa Tokushima, kisiwa cha Shikoku. Huko ndiko inakoanzia ziara ya mahekalu 88, mzunguko wa kilomita kama 1,200 unaokizunguka kisiwa chote. Wanaotembea kwa miguu huchukua wiki sita na zaidi. Niliwaona wakipita barabarani, wamevaa nyeupe, kofia pana ya kusukwa kichwani, fimbo mkononi. Watu wa vijijini huwatolea chai, machungwa, hata mahali pa kulala, wala hawapokei malipo. Desturi hiyo wanaiita osettai. Dini yao si yetu, lakini adabu ya safari naijua nikiiona. Juu ya kofia zao kumeandikwa dōgyō ninin, wasafiri wawili pamoja, hata kama mtu yuko peke yake. Mama mwenye nyumba niliyopanga alinieleza kwamba wa pili ni Kūkai, yule mtawa waliyemwita Kōbō Daishi baada ya kufa kwake, na kwamba fimbo ile ndiyo yeye. Mwenye kuhiji akifika mahali pa kulala, huosha kwanza ncha ya fimbo, kisha ndipo anaosha miguu yake mwenyewe.

Kūkai naye alizaliwa kisiwani humo mwaka 774. Mwaka 804 alivuka bahari kwenda China, akafika Chang'an, mji unaoitwa leo Xi'an, akakaa mbele ya mwalimu mmoja mzee, Huiguo. Mzee huyo alikufa muda mfupi baadaye. Zuhura, laiti kijana yule angesema vitabu vinatosha, asingemkuta mwalimu hai. Vitabu alivibeba pia, tena vingi, lakini kwanza alikaa chini akafundishwa.

Ndiyo maana sikubali uache darasa. Neno la kufuata kwa Kichina ni cóng, 从, na unaliona mwenyewe: watu wawili, mmoja nyuma ya mwingine. Simu itakupa maana ya neno, lakini haitakuona usoni ikajua kwamba umeitikia tu bila kuelewa. Yule mzee anakuona. Unasema anakurudisha kuandika mstari mmoja mpaka mkono unachoka, mrudie. Sikuambii uwe nyuma yake maisha yako yote. Wajapani katika chai, katika upanga, katika sanaa zao nyingi, hutaja hatua tatu, shu, ha, ri: kushika, kuvunja, kuachana. Wewe uko kwenye kushika, na hakuna aibu kuwa hapo ukiwa na miaka kumi na tisa. Utakapofika kwenye kuachana, mwalimu mwenyewe atakuwa wa kwanza kukusukuma mlangoni.

Ukiaga nyumbani kwake, sikiliza atakalokuambia. Wachina humuaga mgeni kwa mànzǒu, nenda polepole, na usidhani anakuona mzito wa miguu, anakutakia salama. Japani utakutana na itte kimasu, naenda nitarudi, na wanaobaki hujibu itterasshai, nenda uje. Bibi yako nilipomsomea hapo alisema watu hao wana malezi.

Kijapani basi kianze mwakani, In Shaa Allah, lakini ukifungulie daftari lake, usilichanganye na la Kichina. Na Jumatatu nenda darasani. Mpe mwalimu salamu zangu, na umuulize kwa nini cóng la leo limerudi kwenye umbo la kale kabisa, baada ya karne nyingi za kuandikwa kwa mistari mingi zaidi. Jibu atakalokupa liandike kwa mkono wako, upige picha, unitumie. Mama yako anataka pia picha ya koti ulilonunua, aone kama litakufaa kwa baridi ya Januari.

Wasalaam,
Shangazi yako