Tuwafanyie Insafu Watoto wa Mchiriku



Nataka leo nikusimulie jambo lililonikaa moyoni kwa miaka mingi. Ni jambo la aibu kwangu, na mwalimu wa chuo hapendi kutaja aibu yake mbele ya wazazi wanaomkabidhi watoto wao. Lakini nimeona kulinyamazia ni kosa la pili, nami la kwanza linanitosha.

Huenda ukashangaa kuona mtu wa umri wangu, niliyekwisha pita miaka sitini, nakuja kukuzungumzia mchiriku. Usistaajabu. Mimi si mshabiki wa mchiriku, wala sikuja hapa kutoa fatwa ya ngoma na vinanda. Maulamaa wamesema waliyosema katika mas-ala hayo, na kila mmoja wetu ana shekhe wake wa kumwuliza. Ninalotaka kusema ni dogo kuliko hilo, nalo ni namna tunavyowatendea watoto waliotuchosha.

Nilifungua chuo changu Mwananyamala mwaka 1989, chini ya banda la makuti ubavuni mwa nyumba. Wewe uliyekaa Dar es Salaam siku hizo utakumbuka hali ilivyokuwa. Mashirika na viwanda vya umma vilikuwa vinapunguza watu. Vijana walimaliza darasa la saba wakarudi kukaa vibarazani. Wakati huo huo bidhaa za nje, ambazo zilikuwa adimu miaka ya nyuma, zilianza kumiminika madukani tangu milango ya biashara ilipolegezwa katikati ya miaka ya 1980. Miongoni mwa bidhaa hizo vilikuja vinanda vidogo vya Casio, vya kuchezea watoto wa wenye nacho. Vilipokwisha chokwa huko, vilifika mikononi mwa vijana wa Mwananyamala, Tandale, Temeke na Mbagala.

Kabla ya hapo mwenye kutaka kupiga muziki katika mji huu mlango wake mkubwa ulikuwa ajira. Bendi kubwa zilikuwa mali ya vyama na mashirika. NUTA Jazz iliundwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi, na kila chama kilipobadilika jina, bendi nayo ilibadilika: ikawa JUWATA, ikawa OTTU, na hatimaye ikajulikana kuwa Msondo Ngoma. Mlimani Park iliyoanza mwaka 1978 iliingia baadaye chini ya shirika la maendeleo la jiji, ndiyo maana ikaitwa DDC. Polisi walikuwa na bendi yao, na umoja wa vijana wa chama ulikuwa na yake. Magitaa na matarumbeta yalikuwa ya mwajiri. Ukiacha kazi, nayo unayaacha.

Watoto wa mchiriku hawakuwa na mwajiri. Walikichukua kile kinanda cha kuchezea, wakakiunganisha na amplifaya iliyokwisha tengenezwa mara kumi, na betri ya gari, na vipaza sauti vya bati vyenye mdomo mpana, vile vile tunavyovitundika msikitini kwa adhana. Mapigo waliyachukua katika ngoma za Wazaramo walizozikuta kwa bibi zao. Asiyekuwa na ngoma alipewa kigoda cha mbao na vijiti viwili, akakigonga. Sauti iliyotoka ilikuwa ya kukwaruza, na usiku ilisikika mtaa wa tatu.

Sisi majirani tuliona taabu, sitakuficha. Ilikuwa ikifika harusi au sherehe ya jando, basi ni mpaka kunapambazuka. Mara nyingine nilikuwa nikisimama kuadhini alfajiri huku sauti yangu inashindana na kinanda. Maneno yao mengine hayakuwa ya kusikilizwa na mtu aliyekaa na mkwewe. Wazee wa mtaa waliwakataza, wakahamia uwanja wa pili. Redioni hawakuwa na nafasi. Walirekodi kaseti zao wenyewe, zikauzwa mkono kwa mkono. Sote tuliwapa jina moja, wahuni, tukaona maneno yamekwisha.

Sasa nikuletee habari yenyewe. Chuoni kwangu palikuwa na kijana wa miaka kumi na minne. Jina lake nalihifadhi. Baba hakuwapo, na mama yake alikuwa akikaanga vitumbua vya asubuhi. Kusoma alikuwa mzito. Herufi za kooni zilimtoa jasho, na alirudia ukurasa mmoja kwa majuma. Lakini siku za maulidi akishika dufu, wazee waligeuka kumtazama. Mkono wake haukupotea hata mara moja.

Mwaka 1996 nikasikia kwamba anaonekana na kikundi kimoja cha mchiriku cha mtaa wa pili. Siku moja akaja chuoni amechelewa, macho mekundu, nguo zinanuka moshi. Sikumwuliza amelala wapi, wala kama amekula. Nilisimama mbele ya watoto wote nikamwambia, "Hapa si mahali pa wahuni. Chukua juzuu yako uende kwa wenzako." Akaichukua, akaibusu, akaiweka kifuani, akatoka. Hakujibu neno.

Jioni mama yake akaja, kanga imemteleza kichwani kwa haraka aliyokuja nayo. Akasema, "Maalim, mimi nilikuletea mtoto aliyenishinda. Angekuwa hajanishinda ningekuletea wa nini?" Nikamjibu kwamba samaki mmoja akioza, wote huoza. Akanitazama, akaaga, akaenda zake. Nami nililala usingizi mzuri usiku ule, nikijiona nimekilinda chuo.

Miaka kumi na saba ikapita. Mwaka 2013, siku ya Jumamosi, mtu mzima akabisha hodi barazani, amemshika mkono mtoto wa kiume wa miaka sita. "Shikamoo, maalim." "Marahaba." Sikumtambua. Akafungua mfuko wa nailoni akatoa juzuu iliyochakaa, jalada limeshonwa kwa uzi mweusi. Ndani yake pana mwandiko wangu. Hapo nikamjua, na miguu ikaniishia nguvu.

Tukaletewa kahawa. Akanieleza kwamba sasa ni fundi wa redio Temeke, na ufundi wenyewe aliuanza kwa kutengeneza zile amplifaya za kikundi chao. Akaniuliza kama nimesikia habari za Jagwa. Nikamwambia sijui Jagwa. Akasema ni kundi la mchiriku la hapa hapa Dar es Salaam, lililoanza katika miaka ya 1990 kwa vinanda vya Casio na vigoda kama wao. Karibu miaka ishirini walipiga mitaani, kwenye vumbi na harusi za watu wa chini, wakitoa kaseti moja baada ya nyingine. Kisha mwaka 2012 kampuni ya Ubelgiji iitwayo Crammed Discs ikatoa santuri yao, Bongo Hotheads, yaani vichwa moto wa Bongo, nao wakaitwa kupiga Ulaya. Wazungu waliwashangilia kwa ile ile sauti ya kukwaruza tuliyokuwa tukiifungia madirisha.

Nikamwuliza, "Na kikundi chenu je?"

Akatazama chini. "Sisi tulivunjika, maalim. Wawili walichukuliwa na unga. Mmoja tulimzika, na mmoja mpaka leo yuko pale stendi anaokota chupa. Mimi nilipooa nikatoka."

Nikamwambia, "Na wewe kwa nini uliwafuata wale, ukaacha chuo?"

Akacheka, si kwa ubaya. "Maalim, umesahau? Mimi sikuacha."

Nikanyamaza. Akaendelea kwa upole, kama mtu anayemweleza mgeni njia. Alisema siku ya kwanza alipokwenda kwenye kikundi alipewa kubeba kipaza sauti. Alibeba kwa miezi. Usiku mmoja mtu wa kigoda hakuja, akaitwa yeye. Alikosea, mkubwa wa kikundi akamshika mkono akamwonyesha, na wimbo haukusimama. Akakosea tena, akaonyeshwa tena. Kutoka kigoda akapanda ngoma ndogo, kutoka ngoma ndogo akapanda kubwa. Fedha za harusi zilipogawanywa, hata mbeba vipaza sauti alipata nauli na chai. "Tuligombana sana, maalim," akasema, "lakini hakuna aliyeambiwa nenda."

Ndugu msomaji, usiku ule sikulala. Maneno yale niliyajua. Ndivyo nilivyosomeshwa mimi. Shekhe wangu, Mwenyezi Mungu amrehemu, alikuwa akikaa mbele, na nyuma yake mwanafunzi mkubwa anamshikia mdogo ukurasa. Asiyejua kusoma alichota maji na kufagia, na huku anafagia anasikia, mpaka siku moja ulimi unafunguka. Mimi mwenyewe nilifagia mwaka mzima. Shekhe wangu hakunifukuza, na kama angenifukuza nisingekuwa na chuo cha kumfukuza mtoto wa mwingine. Njia ile nilikuwa nimeirithi, nikaiacha, na wale niliowaita wahuni wakawa wanaifuata bila kusomeshwa na mtu.

Usinifahamu vibaya. Sisemi kwamba mikesha ile ilikuwa na heri. Unga uliingia humo ukala watoto wetu, na huyu kijana mwenyewe ni shahidi, maana ndiye aliyewabeba wenzake jeneza. Wala sisemi kwamba kushangiliwa Ulaya ni hoja ya kuwa jambo ni jema. Vingapi vinashangiliwa huko ambavyo sisi hatuvitaki. Lakini Mwenyezi Mungu ametuamrisha uadilifu hata kwa watu tusiowapenda, na uadilifu unanilazimisha niseme nililoliona: watoto wasiokuwa na mtaji, wala mwajiri, wala redio, walishikamana kwa kitu cha kuchezea kwa miaka, wakafundishana bila malipo, wakagawana kidogo walichopata. Subira ile tunaihubiri sisi kila Ijumaa. Na je, wale wawili walioliwa na unga walipitia vyuo vya nani? Kama walifukuzwa kama huyu, basi nani aliyewasukuma huko?

Kwa hiyo nilifanya mambo mawili. La kwanza, nilimwomba radhi kijana wangu pale pale barazani, mbele ya mwanawe, kwani nilimwaibisha mbele ya watu. Akanishika mkono akasema yamekwisha. Nikamwuliza mama yake yuko wapi ili niende na kwake. Akasema, "Mama alifariki mwaka 2005, maalim." Kwake nimechelewa, na hilo nitakwenda kuulizwa.

La pili, nimeondoa neno "nenda" chuoni kwangu. Mtoto akija amechelewa, aulizwe kwanza kama amekula. Akija na macho mekundu, akae nyuma kwenye mkeka, asikilize. Aliyeshindwa na ukurasa apewe mtungi wa maji, au dufu, au ufagio, apewe chochote cha kumfanya awe mmoja wetu mpaka ulimi wake ufunguke. Wapo wazazi walionilaumu, wakisema nachanganya wazima na wagonjwa, wakanitajia samaki yule yule. Nawajibu kwamba mtoto si samaki. Wengine wawili watatu waliwahamisha watoto wao, nami sikuwazuia.

Yule mtoto wa miaka sita alikuwa mzito kama baba yake. Juzuu Amma ilimchukua miaka minne. Sasa ni kijana mkubwa, amekhitimu, na jioni anawasomesha wadogo alifu na bee. Kila nikimwona amemshika mtoto kidole juu ya herufi, wala hakasiriki, namkumbuka yule mkubwa wa kikundi, ambaye sikupata kumjua hata jina, aliyemshika baba yake mkono juu ya kigoda.

Basi, ndugu yangu mzazi, na wewe mwalimu mwenzangu, tazama nyumbani mwako na chuoni mwako. Huenda yuko mmoja aliyekuchosha, nawe tayari umekwisha mtafutia methali. Kabla hujamwonyesha mlango, jiulize ni nani anayemngojea nje, na kama huyo anayemngojea ana subira naye kuliko wewe.

Mwenyezi Mungu amrehemu mama yule, awarehemu vijana wetu waliotangulia, awarudishe waliopotea, na atusamehe sisi tuliowapoteza. Amin.