Alama Iliyokosekana

Mizani hupima kilichowekwa juu yake. Kisichowekwa haina habari nacho. Mfanyabiashara wa ufuta ajua hivyo, wala hathubutu kusema kuwa gunia lililosahauliwa nyumbani halina uzito kwa sababu halikuletwa mnadani. Lakini katika mambo ya elimu watu wengi huikosa busara hii ndogo. Alama isiyokuwapo huhesabiwa kuwa alama mbaya, na nafasi iliyo wazi katika karatasi husomwa kama hukumu. Kosa hili huwapata wapimao na wapimwao pia; na wapimwao huumia zaidi, kwa kuwa hofu ya nafasi ile huwasukuma kuijaza kwa chochote kilicho karibu na mkono.

Wilaya ya Chemba, iliyokatwa kutoka Kondoa mwaka 2012, iko katika uwanda wa juu wa kati wa Tanzania, kaskazini ya Dodoma. Wasandawe, Warangi, Waburunge na Wagogo hukaa humo pamoja, wakilima mtama, uwele, ufuta na alizeti, na kuchunga ng'ombe na mbuzi. Mvua yao ni ya msimu mmoja, aghalabu kutoka Desemba mpaka Aprili. Novemba basi ni mwezi wa mashaka: ghala imepungua, na mawingu hupita bila kushuka. Ni mwezi huo huo ambao vijana wa kidato cha nne hukaa kufanya mtihani wa taifa.

Novemba 2018 kijana mmoja wa wilaya hiyo alikuwa miongoni mwao. Alilelewa na bibi yake, mama wa mama yake, na nia yake tangu utoto ilikuwa kusomea utabibu. Alfajiri ya siku ya karatasi ya nadharia ya Kemia, bibi aliamka na homa kali, hawezi kusimama wala kumeza maji. Mjomba alikuwa mbali na mifugo. Kijana aliazima baiskeli ya jirani, akampakia mgonjwa, akamfunga kwa kanga kiunoni asianguke, akaisukuma baiskeli mpaka zahanati. Alipomkabidhi kwa muuguzi jua lilikuwa limepanda. Alipofika shuleni, akitweta na vumbi mpaka magotini, muda wa kumpokea aliyechelewa ulikuwa umepita. Msimamizi alimsikiliza kwa huruma, lakini kanuni haikumpa ruhusa, naye hakuivunja. Bibi alipona, Kemia ilipotea.

Matokeo yalipotangazwa Januari 2019, kijana aliyasoma katika simu ya mwalimu wake. Masomo mengine yalikuwa na herufi zao, zingine za kufurahisha. Mbele ya Kemia hapakuwa na herufi ya kufaulu wala ya kushindwa. Palikuwa na ishara tu ya kuonyesha kwamba somo halikukamilika. Kwa mtu mwingine ishara ile ingekuwa jambo dogo. Kwa yeye ilikuwa mlango uliofungwa, maana kozi ya utabibu aliyoitaka ilidai ufaulu wa Fizikia, Kemia na Baiolojia, na fomu ya maombi ilikuwa na kisanduku kwa kila moja.

Washauri hawakukosekana. Wa kwanza alikuwa rafiki yake wa darasani, aliyemwambia aandike kwamba alishindwa. "Andika F, yaishe," alisema. "Aliyeshindwa hueleweka, wewe utaulizwa maswali." Ushauri huu ulikuwa na sura ya unyenyekevu, lakini ndani yake mlikuwa na uongo. Kushindwa ni habari ya mtu aliyejibu maswali akakosea. Kijana huyu hakuulizwa. Kujiandikia kushindwa ni kujishuhudia uongo, na ushahidi wa uongo haugeuki kuwa kweli kwa sababu umemdhuru shahidi mwenyewe.

Mshauri wa pili alikuwa bwana mmoja wa mjini mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa, aliyefanya kazi ya kujaza fomu za watu kwa malipo. Aliitazama karatasi, akacheka kidogo. "Kaka, ni herufi moja tu," alisema. "Naiweka C, haipandi wala haishuki. Nani atasumbuka na C?" Kijana hakumjibu siku ile. Alirudi nyumbani, na kwa usiku mbili, kama alivyokiri baadaye, herufi ile ilikaa machoni pake. Haikuwa tamaa ya ukubwa. Alitaka kuondoa aibu ya kuonekana ana pengo.

Aliyemwamsha ni mjomba, mtu asiyejua sana maandishi lakini asiyekosa taarifa ya habari ya redio. "Mpwa wangu," alisema, "umesahau ya mwaka juzi?" Akamkumbusha tarehe 28 Aprili 2017, siku ambayo taarifa ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma ilikabidhiwa kwa Rais John Magufuli katika Chuo Kikuu cha Dodoma. Hesabu za taarifa ile zastahili kusomwa polepole. Vyeti vilivyohakikiwa vilikuwa 400,035. Vilivyoonekana halali vilikuwa 376,969. Vya kughushi vilikuwa 9,932. Vyeti 1,538 vilikutwa vikitumiwa na watumishi 3,076, yaani majina na cheti kimoja vikigawanywa baina ya watu. Na vyeti 11,596 viliitwa pungufu.

Mjomba hakuzikumbuka tarakimu zote, ila alikumbuka jambo moja lililo kubwa kuliko tarakimu: kwamba vyeti pungufu viliwekwa fungu lake, na vya kughushi fungu lake. Wahakiki hawakuvichanganya. Mtu mwenye upungufu ana deni la maelezo, na deni hulipika. Mtu aliyeghushi ameuza hata kile alichokuwa nacho kwa haki, kwa kuwa baada ya herufi moja ya uongo hakuna awezaye kuziamini herufi saba za kweli zilizo karibu nayo. "Herufi ya yule bwana," alimaliza mjomba, "itakula Baiolojia yako uliyoipata kwa jasho."

Mshauri wa tatu alikuwa mwalimu wake wa Kemia. Alimwambia akiache kisanduku kama kilivyo, kisha aambatanishe barua fupi yenye mambo matatu: ni kitu gani kimekosekana, kwa sababu gani, na nini kinafanywa ili kipatikane. Kila jambo liwe na karatasi ya kulishuhudia. Kwa sababu, iwe barua ya zahanati yenye tarehe na maelezo ya mkuu wa shule. Kwa tiba, iwe stakabadhi ya kujiandikisha upya kwa mtihani. Juu ya hayo aliongeza alama ya mtihani wa utamilifu, ambao wanafunzi huuita moko, kwa kuwa katika huo kijana alifanya Kemia na kufaulu. "Lakini iite kwa jina lake," mwalimu alionya. "Alama ya moko ni ya moko. Na usiandike kwamba ungepata A. Hakuna ajuaye ungepata nini. Hata wewe hujui."

Maneno haya ya mwisho yalimchoma kijana, kwa maana yalimnyang'anya faraja aliyokuwa akiitunza kwa siri. Kila aliyekosa kupimwa hujipa moyoni alama kubwa. Barua yake ya kwanza ilikuwa na kurasa tatu za malalamiko juu ya umaskini, umbali na ukali wa kanuni. Ya mwisho, baada ya mwalimu kuikata mara nne, ilikuwa na mistari kumi na moja. Mjomba aliuza mbuzi wawili kwa ajili ya ada na nauli, na kijana akajiandikisha kama mtahiniwa wa kujitegemea.

Chuo kilimjibu kwamba hakiwezi kumpokea mwaka ule. Yafaa kusema hili wazi, maana hadithi za ukweli mara nyingi husimuliwa kana kwamba ukweli hulipwa siku ileile. Barua ya kukataliwa haikumtukana wala kumshuku. Ilisema sharti la Kemia halijatimia, na kwamba akilitimiza aombe tena. Chuo kilikuwa na haki. Atakayechanganya dawa za watu lazima ajue Kemia, na huruma kwa bibi mgonjwa haimfundishi mtu vipimo vya dawa. Kisa kile kilieleza kwa nini alama haikuwapo. Hakikuweza kusimama mahali pa elimu ambayo alama huishuhudia. Kijana alilima mwaka mzima, akisoma usiku kwa daftari za kuazima. Novemba 2019 aliifanya Kemia tangu mwanzo mpaka mwisho, na Januari 2020 akapata C.

Herufi ilikuwa ileile ya bwana wa mjini. Mtu wa mzaha angeweza kuuliza basi, mwaka umepotezwa kwa faida gani? Jibu ni kwamba C ya bwana yule ilikuwa kisio, na C hii ilikuwa na kijana nyuma yake. Wala tofauti hii si ya Chemba peke yake. Mwaka huohuo wa 2020, maradhi ya korona yalipofunga shule duniani, Uingereza ilifuta mitihani, ikawa na pengo la alama kwa maelfu ya vijana kwa siku moja. Wakubwa wa mitihani walilijaza kwa hesabu iliyotazama, pamoja na mengine, matokeo ya miaka iliyopita ya kila shule. Agosti, karibu asilimia 40 ya madaraja yaliyokadiriwa na walimu katika England yalishushwa, na kijana hodari wa shule dhaifu akajikuta amepewa mzigo wa watu waliomtangulia. Kelele ilikuwa kubwa, na tarehe 17 Agosti hesabu ile iliachwa, yakarejewa makadirio ya walimu. Vyuo vingi vya Marekani vilichagua njia nyingine: vilisema mwombaji asiye na alama za mtihani wa kuingilia hatahesabiwa kuwa na alama mbaya, bali atatazamwa kwa mengine aliyo nayo. Tanzania ilifunga shule Machi, kisha ikawasubiri vijana wa kidato cha sita, wakafanya mtihani wao kuanzia 29 Juni.

Mtihani wenyewe ni chombo cha wanadamu, na umri wake si mkubwa. Baraza la Mitihani la Tanzania lilianzishwa kwa sheria ya mwaka 1973; kabla yake mitihani ya sekondari ilitegemea Cambridge kwa miaka mingi. Bibi wa kijana alikuwa mtu mzima Baraza lilipozaliwa. Na mwaka mmoja tu baadaye, Novemba 1974, Azimio la Musoma lilikataa mtihani wa mwisho uwe kipimo pekee cha mwanafunzi, likataka kazi zake za kila siku na mwenendo wake vihesabiwe pia. Waliotunga azimio hilo walijua kwamba saa tatu za asubuhi moja haziwezi kubeba maisha yote ya mtu. Hata hivyo hawakuufuta mtihani, kwa kuwa pasipo kipimo cha wote, mtoto wa asiyejulikana hana cha kumjulisha. Mwanafunzi wa Chemba auhitaji mtihani kuliko mwanafunzi mwenye jamaa mjini. Ndiyo maana ghushi ya maskini, ijapokuwa yaonekana kama kisasi juu ya mpango usiomjali, hubomoa ngazi ambayo maskini mwenzake ataipanda kesho.

Kijana aliomba tena mwaka 2020. Safari hii fomu yake ilikuwa na namba mbili za mtihani: moja yenye herufi S, ya mtahiniwa wa shule, na ya pili yenye herufi P, ya mtahiniwa wa kujitegemea. Alipokwenda kuripoti chuoni, mwandikishaji aliziweka karatasi mbili ubavu kwa ubavu, akaweka kidole juu ya ishara ile ya Kemia.

"Hapa palikuwa na nini?"

"Shikamoo, mama. Siku hiyo nilikuwa zahanati. Nilimpeleka bibi yangu."

"Marahaba. Alipona?"

"Alipona, mama."

Mwandikishaji aliandika namba zote mbili, akapiga muhuri, akamwita aliyefuata.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Walinena kweli, ila waliwaachia wajenzi kuchagua udongo. Ufa uliobandikwa karatasi hauonekani mpaka mvua ije, na siku hiyo huanguka pamoja na ukuta. Kijana wa Chemba aliacha ufa wake uonekane mwaka mzima, akauziba kwa udongo wa shamba lake mwenyewe. Karatasi ya kwanza haikubadilika. Pengo la Kemia limo mpaka leo, wala hakuna atakayelifuta. Ameitia pamoja na ya pili katika bahasha moja, na mtu akiiomba moja, yeye hutoa zote mbili.