Balbu nyekundu nusura ivunje ndoa yangu

Mpenzi msomaji, usicheke. Balbu moja nyekundu, ya shilingi elfu nne tu, nusura inirudishe kwa mama yangu Tanga na mabegi yangu.

Mume wangu ni dereva wa malori. Akipakia mzigo bandarini kwenda Tunduma na kuvuka hadi Zambia, namhesabia wiki mbili, wakati mwingine tatu. Watoto wakishalala, usiku unakuwa mrefu kweli. Ndipo nikarudia kazi aliyonifundisha mama nikiwa binti, kufuma vitambaa kwa kroshia. Baadaye nikaanza kujirekodi kwa simu, mikono tu ikifuma, na kuziweka video hizo mtandaoni. Si kwa biashara. Ilikuwa inanifurahisha, basi.

Video za kwanza, mwenzangu, zilikuwa aibu. Chumba chetu cha kupanga Mbagala kina taa moja tu ya darini. Kitambaa changu cheupe kilionekana kama gunia. Nikiwaangalia wenzangu, nyuma yao ukuta unang'aa zambarau, wengine bluu. Na mimi nikatamani. Hela sasa! Nikamega shilingi elfu kumi na nne kwenye matumizi ya nyumbani. Sikumwambia mtu.

Nilianza na ile nailoni ngumu ya rangi wanayofungia vikapu vya zawadi. Niliinunua Kariakoo, nikaizungushia taa ya mezani. Balbu yenyewe ilikuwa ya zamani, ile yenye kiwaya ndani. Dakika kumi hazikuisha, nikasikia harufu. Nailoni imejikunja na kugandia kwenye kioo! Nashukuru Mungu chandarua kilikuwa mbali. Balbu za aina ile zinachemka, usizivalishe kitu. Hata ukitumia LED, iweke nailoni mbali kidogo, usiizungushie. Tena nailoni haiongezi rangi, inazuia rangi nyingine zisipite, ndiyo maana mwanga unafifia. Nikaona bora ninunue balbu ya LED ambayo ni nyekundu yenyewe.

Usiku ule nikaiwasha, nikazima ya darini. Chumba chote chekundu. Nikajiona msanii! Kumbe kwenye simu ni vituko. Uzi mwekundu na mweupe vilifanana kama mapacha, na wa bluu ulikuwa mweusi ti.

Nikiwa bado nashangaa hayo, nikasikia hodi. Saa tano usiku. Mume wangu, siku tatu kabla ya siku niliyomtarajia.

Nilichofanya hapo ndicho kilichoniponza. Kabla ya kufungua mlango, niliizima ile taa.

"Humu ndani kuna nani?" Ndiyo salamu aliyonipa. Kumbe jirani mmoja alishampigia simu akiwa njiani: "Shemeji, siku hizi dirisha la chumbani kwako linabadilika rangi usiku." Na mwenyewe, tokea kona ya barabara, akaliona dirisha lake jekundu kama la gesti. Amegonga, taa imezimwa. Wewe ungefikiria nini?

Akapita hadi chumbani, akainama, akachungulia uvunguni. Alikuta ndoo na kikapu changu cha nyuzi.

Dada yangu, kuchunguliwa uvunguni na mwanaume uliyezaa naye watoto wawili kunauma kuliko tusi. Nikamweleza yote, video na ile elfu kumi na nne. Hakujibu. Alilala kwenye kochi usiku ule, na siku mbili zilizofuata tuliongea kupitia watoto: "Mwambie baba chai tayari." Wahenga walisema usilolijua ni usiku wa giza. Mimi ndiye niliyemtia kwenye giza hilo, halafu nikashangaa anapapasa.

Siku ya tatu nikajikaza. "Baba watoto, naomba ukae hapa uone ninachofanya." Akakaa, amenuna. Nikawasha balbu yangu nyekundu, nikaanza kufuma. Baada ya muda akasema, "Sasa mama watoto, mbona umejimwagia taa ya nyuma?"

"Ya nyuma ipi?"

"Lori nyuma lina taa nyekundu, hiyo ni ya kuonwa. Mbele lina nyeupe, hiyo ndiyo ya kuonea. Wewe unaonea na ya nyuma."

Nilicheka mpaka machozi yakanitoka, na yeye akacheka. Ndiyo ikawa suluhu yetu. Tena alikuwa amesema kweli tupu!

Tangu siku ile tunapanga hivi. Balbu nyekundu inakaa sakafuni nyuma ya kiti, inaangalia ukuta. Mimi nakaa kama mita moja na nusu kutoka ukutani, maana nikiusogelea, mwanga mweupe unaufikia na kuila ile rangi. Taa nyeupe naiweka ubavuni, si usoni, kwa sababu mwanga wa pembeni ndio unaoonyesha mishono ilivyopanda na kushuka. Mbele yake, hatua moja hivi, natundika kipande cha chandarua cha zamani kilichokunjwa mara mbili, mwanga uwe laini. Ya darini inazimwa.

Simu nayo usiiache ijiamulie, maana hudhani rangi yako ni kosa na kuisahihisha. Kwenye mipangilio ya kamera, funga kipimo cha weupe kwenye alama ya jua. Ukiona michirizi inatembea kwenye picha, balbu yako inapepesa. Umeme wetu ni wa mizunguko 50 kwa sekunde, kwa hiyo jaribu kasi ya 1/50 au 1/100. Ikigoma, badilisha balbu. Na rangi ya ukuta ipingane na uzi. Nikifuma njano, nyuma naweka bluu.

Ikabaki LUKU, maana wapangaji tunachangia mita moja na maneno yalishaanza. Nikamwonyesha mama mwenye nyumba hesabu kwenye karatasi. Balbu mbili za wati 9 ni wati 18. Kuimaliza uniti moja inanichukua zaidi ya saa 55. Pasi ya wati 1000 inaimaliza kwa saa moja. Akanyamaza. Yeye hupiga pasi kila siku.

Sitakudanganya kwamba yote yamekwisha. Mume wangu bado hataki uso wangu uonekane kwenye video, mimi nataka, na hilo bado tunaliongea. Lakini sasa tunaongea. Juzi alinipigia kutoka Tunduma. "Leo unawasha ipi?" "Bluu," nikamwambia. "Haya, usisahau ya kuonea."

Kwa hiyo wewe unayetaka kuanza, balbu utapata, hata chandarua cha zamani hukikosi. Ila kabla hujawasha hiyo taa ya rangi, mwambie mwenzio. Usipomwambia wewe, jirani atamwambia, na jirani hajui kitu kuhusu kroshia.