Kuchagua Kihariri cha Kufundishia Utengenezaji wa Tovuti

Mwalimu anayejiandaa kuwafundisha watoto kutengeneza ukurasa wa tovuti hana budi kuamua kwanza msimbo wake utaandikwa kwa programu gani. Programu hiyo huitwa kihariri. Mimi niliufanya uamuzi huo kwa pupa, na walioumia ni wanachuo wangu.

Nilichagua Visual Studio Code, ambayo kampuni ya Microsoft ilianza kuitoa mwaka 2015. Hainunuliwi, na mafundi wengi wa tovuti huitumia. Ukiandika tagi ya kufungulia aya, <p>, yenyewe huongeza ya kufungia, </p>. Ukiandika alama ya mshangao na kubonyeza kitufe cha Tab, kiunzi chote cha ukurasa wa HTML hujitokeza. Wanachuo walifurahi, nami nikafurahi kuliko wao. Kazi zao zilikuwa safi hata nikazisahihisha huku nikinywa chai.

Wakati wa mazoezi ya kufundisha nilimtembelea mmoja wao katika shule ya msingi yenye kompyuta chache, tena kuukuu. Kihariri kilichokuwapo ni Notepad tu, ile ijayo pamoja na Windows. Mwanachuo yule alihifadhi faili lake, likawa ukurasa.html.txt, na kivinjari kikaonyesha msimbo mtupu. Alipolirekebisha jina, ikadhihirika kuwa amesahau kufunga kichwa cha habari. Maandishi yote yaliyofuata yakatokea manene na makubwa. Watoto wakacheka, bila ubaya. Yeye akanitazama kule nyuma ya darasa, nami nikainamia fomu yangu ya tathmini. Chuoni hakuwahi kuyafanya makosa hayo, maana kihariri kilimfanyia kazi aliyopaswa kujifunza. Ningempunguziaje alama?

Tangu hapo naanza na Notepad kwa vipindi vya mwanzo, japo inachosha. Hufuata Notepad++, aliyoianzisha Don Ho mwaka 2003: ni nyepesi, haielemei kompyuta ya zamani, na hupaka tagi rangi ili jicho lizitenge na maneno ya kawaida. Visual Studio Code huja mwisho, tena kwanza nazima ule ufungaji wa tagi wa kujiendesha. Katika mipangilio yake jambo hilo lawezekana.

Wako wanaoisifu Vim ya Bram Moolenaar, ya mwaka 1991. Naiheshimu, hasa kwa kuwa mwenyewe aliwaomba watumiaji wake wawachangie watoto wa Kibaale nchini Uganda. Lakini anayeanza hushindwa hata kutoka ndani yake, basi darasa la watoto si mahali pake. Wala usiandike andalio la somo kwa kutegemea vitufe vya kihariri kimoja. Atom ilipendwa sana, na GitHub wakaifunga Desemba 2022.

Muhula huu mwanachuo mmoja alilalamika kwamba namchelewesha. Nilimketisha mbele ya Notepad, nikamwagiza aandike kichwa cha habari na aya mbili. Ukurasa ulipotokea wote mnene alinyamaza, akarudi kwenye msimbo, akapitisha kidole mstari kwa mstari mpaka akaiona mwenyewe tagi iliyokosa mkwaju.